Pampu ya Joto au Hita ya Ukinzani: Ipi Ikufae Kwenye Gari la Umeme?

Joto la ndani ya gari la umeme hulipiwa kwa saa, si kwa kilomita. Ukishalishika hilo, sehemu kubwa ya ubishi kuhusu pampu ya joto na hita ya ukinzani inajimaliza yenyewe. Dereva wa barabara kuu na dereva wa foleni za mjini wanaweza kuwa na gari la aina moja, kwenye baridi ile ile, na bado kila mmoja akawa sahihi kuchagua tofauti na mwenzake.

Gari la petroli halina shida hii. Injini yake hugeuza kama theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, pengine hata isifike, na kilichobaki hutoka kama joto. Joto hilo la bure ndilo linalopulizwa miguuni mwako. Mota ya umeme hupoteza kidogo mno, mara nyingi chini ya asilimia 10, kwa hiyo masalio yake hayatoshi kupasha watu wanne na vioo sita. Joto unalolitaka ndani linatoka kwenye betri ile ile inayosukuma magurudumu, na njia za kulitoa humo ni mbili.

Hita ya ukinzani hupitisha umeme kwenye kitu kinachoukinza, kitu hicho kikapata moto, kisha hewa au kulanti (maji yanayozungushwa kwenye mabomba ya gari kubeba joto) ikapita hapo na kuondoka na joto. Kanuni yake aliieleza James Joule tangu 1841 na haijabadilika. Kwenye magari ya leo kinachotumika zaidi ni vipande vya kauri vinavyoitwa PTC: kadiri vinavyopata moto ndivyo ukinzani wake unavyopanda, umeme unapungua, na hita inajizuia yenyewe isiungue. Zipo zinazopasha hewa moja kwa moja, na zipo zinazopasha kulanti inayozungushwa hadi kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Nyingi zina nguvu ya kilowati 5 hadi 7.

Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha. Ni friji iliyogeuzwa: badala ya kutoa joto kwenye chakula na kulimwaga jikoni, inalitoa nje ya gari na kulimwaga ndani. Hewa ya nyuzi sifuri bado ina joto, ilimradi ukutane nayo ukiwa baridi zaidi yake. Gesi ya R1234yf, ambayo ndiyo iliyomo kwenye magari mengi mapya, huchemka kwenye nyuzi 29 hivi chini ya sifuri kwa kanieneo la kawaida la hewa, kwa hiyo inaweza kulinyonya joto hilo. Kompresa inaibana, nyuzi zake zinapanda, na joto linaachiwa ndani. Wewe unalipia kazi ya kuhamisha tu.

Kabla ya kwenda mbali, mambo mawili ambayo matangazo hayapendi kuyasema. La kwanza, kila gari la umeme lenye kiyoyozi tayari lina nusu ya pampu ya joto: kompresa ipo, gesi ipo. Kinachoongezwa ni vali, mabomba, rejeta nyingine ya ndani na programu ya kuviendesha. La pili, magari mengi yanayouzwa kwa jina la pampu ya joto yana hita ya PTC pia, ya akiba. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya hita peke yake na pampu inayosaidiwa na hita.

## Tutapimia nini

Nimechagua vigezo sita: chaji inayoliwa na umbali unaobaki, tabia kwenye baridi kali, dakika za mwanzo na vioo, uhusiano na betri, gereji, na gharama. Havina uzito sawa. Cha kwanza kina mambo mengi kuliko vyote, na ndicho ambacho watu hukisoma vibaya.

Kigezo ambacho nimekiacha kwa makusudi ni umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya mauzo. Kipimo cha WLTP, ambacho ndicho kinachotoa namba hiyo hasa Ulaya, hufanywa kwenye nyuzi 23, hita na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Pampu ya joto haiwezi kuonyesha faida yake pale. Ukikuta gari lenye pampu na lisilo nayo yameandikiwa karibu umbali ule ule, usidhani umegundua udanganyifu. Kipimo chenyewe hakikuuliza swali hilo.

## Chaji na umbali

Hita ya ukinzani inakupa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Haizidi, na haipungui. Pampu ya joto kwenye baridi ya wastani hukupa uniti mbili hadi tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme. Uwiano huo ndio utakaoukuta kwenye vipeperushi ukiitwa COP.

Ukiishia hapo utasema pampu imeshinda, na wengi huishia hapo. Twende kwenye hesabu. Chukua gari la ukubwa wa kati lenye betri ya kWh 60, yaani uniti 60, zinazotumika. Nje ni sifuri, ndani umeweka nyuzi 21, na gari limeshapata joto, sasa kazi ni kulitunza tu. Tuseme hiyo inadai kilowati 2.5 za joto. Hita italipa kilowati 2.5 za umeme. Pampu yenye COP ya 2.5 italipa kilowati 1. Haya ni makadirio yangu ya kuonyesha njia, si vipimo vya maabara:

| Mwendo wa wastani | Umeme wa kusukuma gari | Umbali kwa hita | Umbali kwa pampu |
|---|---|---|---|
| 25 km kwa saa | kW 3.5 | km 250 | km 333 |
| 80 km kwa saa | kW 12.8 | km 314 | km 348 |
| 120 km kwa saa | kW 26.4 | km 249 | km 263 |

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Gari ni lile lile, baridi ni ile ile, lakini faida ya pampu imeshuka kutoka km 83 hadi km 14. Sababu ni saa. Kwa mwendo wa foleni, betri ile itakuweka garini saa 10, na hita itakuwa imekula uniti 25 kati ya 60. Kwa mwendo wa barabara kuu utamaliza chaji kwa saa mbili na ushee, hita ikiwa imekula uniti 5 tu. Mlaji mkubwa pale ni upepo unaosukumana na gari lako.

Ndiyo maana ushauri wa kwamba pampu ni ya wasafiri wa mbali unanipa shaka kila ninapousikia. Anayevuna zaidi kwa asilimia ni yule anayekwenda polepole kwa muda mrefu: teksi za mjini, gari la kupeleka vifurushi linalosimama kila mtaa, mzazi anayesubiri nje ya shule akiwa amewasha joto. Msafiri wa mbali naye anafaidi, ila faida yake ina sura nyingine. Kilomita 14 au 30 si nyingi, lakini zinaweza kuwa ndizo zinazokufikisha kwenye kituo cha kuchaji unachokitaka badala ya kile kilichotangulia.

Kwamba joto la ndani ndilo mlaji si nadharia. Mwaka 2019 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme kwenye nyuzi 6.7 chini ya sifuri. Bila kuwasha joto la ndani, umbali ulipungua kwa asilimia 12. Lilipowashwa, ukapungua kwa wastani wa asilimia 41. Pengo lile kati ya 12 na 41 ndilo uwanja ambao pampu na hita zinashindania.

Yupo mshindani wa tatu ambaye hatajwi vya kutosha: kiti. Kiti chenye joto hula wati 50 hadi 100 na kinakupasha wewe badala ya kupasha hewa iliyokuzunguka. Ukiwa peke yako garini, washa kiti na usukani, shusha hewa hadi nyuzi 18, na gari lenye hita ya ukinzani litalisogelea sana lile lenye pampu. Ukiwa na abiria watatu nyuma wasio na viti vya joto, hoja hiyo inakufa.

## Baridi kali

Hapa hita ya ukinzani inastahili heshima inayonyimwa. Iwe nyuzi 10 juu ya sifuri au 30 chini, inatoa kilowati zake zile zile bila manung'uniko.

Pampu inategemea hali ya nje. Kwenye nyuzi 10 inaweza kufikia COP ya 3 au kuipita. Karibu na sifuri na chini yake kidogo inashuka kuelekea 2. Ukifika kati ya nyuzi 15 na 20 chini ya sifuri, pampu nyingi za R1234yf zinaikaribia 1, yaani zinakuwa hita ya ukinzani yenye mabomba mengi. Kinachotokea ni kwamba gesi inayorudi kwenye kompresa inakuwa nyepesi mno. Kompresa inazunguka kwa bidii ile ile lakini kila mzunguko unabeba gesi kidogo, na joto linalobebwa ni dogo. Wakati huo huo gari linadai joto jingi kuliko siku nyingine yoyote. Hapo ndipo PTC ya akiba inapoamka.

Si pampu zote zilizo sawa. Zinazotumia kabonidioksaidi, inayoandikwa R744 kwenye lebo, hustahimili baridi vizuri zaidi, kwa gharama ya kufanya kazi kwenye mgandamizo unaoweza kuvuka bar 100. Volkswagen iliweka pampu ya aina hiyo kwenye ID.3 na ID.4 za Ulaya, kama nyongeza ya kulipia. Upande mwingine, Tesla ilipoleta Model Y mwaka 2020 iliondoa kabisa hita kubwa ya PTC. Baridi ikizidi, kompresa inaendeshwa kwa makusudi bila ufanisi ili yenyewe izalishe joto. Ni ujanja unaofanya kazi, lakini wakati huo unalipa sawa na mwenye hita.

Baridi inayoisumbua pampu kuliko watu wanavyodhani ni ile ya kati, yenye unyevu: nyuzi 0 hadi 5, mvua nyepesi au ukungu. Rejeta ya mbele inakuwa baridi kuliko hewa, unyevu unaganda juu yake, na baada ya muda barafu inaziba njia ya upepo. Mfumo unalazimika kusitisha kazi kidogo, kurudisha gesi ya moto mbele na kuiyeyusha. Ukiwa umesimama, utaona wingu jeupe likifuka kutoka chini ya boneti. Wapita njia hukimbia wakidhani gari linawaka. Ni mvuke tu. Hauna harufu ya plastiki wala mafuta, na hupotea baada ya dakika chache. Gari lenye hita peke yake halina kituko hicho.

## Dakika za mwanzo na vioo

Hita inayopasha hewa moja kwa moja huanza kukupa uvuguvugu ndani ya dakika moja. Ile ya kulanti huchelewa kidogo, maana lazima kwanza maji yapate moto. Pampu ikiwa peke yake ni ya mwendo wa pole, kwa kuwa inaanza na mabomba yaliyoganda. Yenye PTC ya kuisaidia haichelewi hivyo, ila dakika hizo za msaada zinalipiwa kwa bei ya hita.

Kwa hiyo safari fupi inachanganya hesabu. Tuseme unakwenda kilomita 5. Kusukuma gari kutakula kama uniti 0.8. Hita ikifanya kazi kwa kilowati 5 kwa dakika 10, itakula uniti nyingine 0.83. Umeongeza matumizi zaidi ya mara mbili, na gari likipoa ukiwa dukani, unaanza upya. Je, pampu ingekuokoa? Kwa sehemu. Kwenye dakika hizo 10 bado haijafika kwenye ubora wake, na huenda PTC ndiyo iliyobeba mzigo. Anayefanya safari za hivi anaona asilimia kubwa za kutisha kwenye kioo cha dashibodi, lakini uniti zenyewe ni chache.

Dawa ya wote wawili ni moja: pasha gari kabla hujalichomoa kwenye chaja. Joto la mwanzo, ambalo ndilo ghali kuliko yote, linatoka ukutani badala ya betri. Mwenye hita anayelala na gari kwenye chaja na kuondoka saa ile ile kila asubuhi ameshapunguza sehemu nzuri ya pengo bila kununua kitu.

Kuhusu ukungu wa vioo, mfumo wowote hutoa unyevu kwa kuipooza hewa kwanza, kisha kuipasha. Gari lenye hita linafanya kazi hizo kwa mashine mbili zinazovutana, kiyoyozi kikipooza na hita ikipasha, na zote zinakula. Pampu iliyoundwa vizuri inachukua joto lililotolewa kwenye upoozaji na kulirudisha kwenye hewa ile ile. Ndiyo sababu pia magari hayageuzi tu mkondo wa gesi kama viyoyozi vya majumbani: rejeta ya kupooza iliyolowa maji ikigeuzwa ghafla kuwa ya kupasha, maji yote yangerukia kioo cha mbele. Wanaweka rejeta ya pili ndani. Nayo ni spea nyingine ya kuvuja siku moja.

## Betri

Wanunuzi wengi hudhani pampu ya joto hupasha betri pia. Huenda inapasha, huenda haipashi. Kwenye magari ya zamani yenye pampu, kama Nissan Leaf za kuanzia 2013, ilikuwa ya abiria tu. Kwenye mifumo mipya, kulanti ya mota, ya betri na mzunguko wa gesi vimeunganishwa kwa vali, ili joto linalopotea kwenye mota lihamishiwe ndani au kwenye betri.

Jambo hili lina uzito kwa sababu betri ya lithiamu iliyopoa haipendi chaji ya haraka. Ikilazimishwa, lithiamu inaweza kujipaka kwenye elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na betri inazeeka. Ndiyo maana gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji. Hita ya kulanti yenye kilowati 6 inaweza kuipasha betri kwa nguvu na bila utata, ikiwa imeunganishwa nayo. Usiulize tu kama gari lina pampu. Uliza: betri inapashwa na nini, na je, gari linaanza kuipasha lenyewe likijua unaelekea kituo cha kuchaji? Kwa msafiri wa mbali kwenye baridi, jibu la swali hilo linaweza kumwokolea muda mwingi kuliko pampu yenyewe.

## Gereji

Hita ikifa, imekufa. Ni sanduku lililofungwa. Fundi hupima fyuzi, nyaya na amri inayotoka kwenye kompyuta, kisha hubadilisha sanduku zima. Si spea ya bei nyepesi, na kwa kuwa inatumia volti za juu si kazi ya fundi wa kubahatisha, lakini ugunduzi wa tatizo ni mfupi.

Pampu ina vali nyingi, sensa nyingi, viungo vingi na programu inayopaswa kuvielewa vyote. Mwaka 2022 Tesla iliita zaidi ya magari 26,000 nchini Marekani yarekebishwe kwa sababu hitilafu ya programu ingeweza kuifanya vali moja ya pampu ifungie gesi mahali pasipofaa, na kioo cha mbele kisiweze kuondolewa ukungu wakati wa baridi. Dawa ilikuwa programu mpya iliyotumwa kwa mtandao, bila kufungua boneti. Tukio hilo linaonyesha sura zote mbili: mfumo una njia nyingi za kukwama, na nyingine kati ya hizo zinaponyeka bila spana.

Uvujaji wa gesi ndio unaonipa tahadhari zaidi. Kwenye gari lenye hita peke yake, gesi ikiisha unapoteza ubaridi tu, joto unalo. Kwenye gari lenye pampu isiyo na PTC ya akiba, unaweza kupoteza vyote kwa pamoja.

Na gesi ikiisha, angalia sana nani anaijaza. Kompresa ya gari la umeme ina mota ya volti za juu ndani yake, ikiwa imelowana kwenye oili ya kompresa. Oili hiyo lazima isipitishe umeme, kwa kawaida aina ya POE. Fundi aliyezoea magari ya petroli hufika na oili ya PAG, au mashine ya kujazia yenye mabaki ya PAG kwenye mipira yake. Oili ikichanganyika, kinga ya umeme inashuka, gari linagundua umeme unavuja kwenye bodi, na linaweza kukataa kuwaka kabisa. Kompresa nzima inakwenda, na mabomba yanahitaji kusafishwa. Hatari hii inayahusu magari ya umeme yote yenye kiyoyozi, yakiwa na pampu au bila, ila mwenye pampu ana viungo vingi zaidi vya kumpeleka kwa huyo fundi. Kabla hajafunga bomba lolote, muulize anatumia oili gani. Akisita, ondoka.

## Gharama

Hapa hesabu ni fupi. Tofauti tuliyoikadiria juu ni kilowati 1.5. Mtu anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka kwa wastani wa km 40 kwa saa anakaa garini saa 300. Kama theluthi ya saa hizo ni za baridi, pampu inamwokolea uniti 150 hivi kwa mwaka. Zidisha kwa bei yako ya umeme. Kwa anayechaji nyumbani, akiba hiyo hurudisha gharama ya pampu polepole sana, na ukarabati mmoja unaweza kuimeza yote. Kwa anayetegemea vituo vya chaji ya haraka, ambako uniti ni ghali, inasogea mbele. Kwa teksi inayozunguka saa 2,000 kwa mwaka, hali inageuka kabisa.

Lakini wengi hawanunui pampu ili kuokoa uniti. Wananunua kilomita za siku ya baridi. Basi linganisha bei yake na bei ya kupanda hadi betri kubwa zaidi ya gari hilo hilo. Ukiipima hivyo, mara nyingi pampu ndiyo njia rahisi ya kupata kilomita hizo, japo betri kubwa inakusaidia hata kiangazi.

## Kulingana na hali yako

Baridi yako ni ya kati, miezi mingi, kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri na 10 juu, na unakaa garini saa nyingi mjini. Lipia pampu ikiwa ni nyongeza. Huu ndio uwanja wake wa nyumbani.

Unaishi kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki kadhaa. Usinunue pampu kwa ajili ya wiki hizo. Inunue kwa ajili ya miezi inayozizunguka, na hakikisha ina hita ya akiba au mtengenezaji ameeleza joto linatoka wapi baridi ikizidi. Kama miezi hiyo ya pembeni ni mifupi, betri kubwa na hita imara ni chaguo lisilo na aibu.

Unakwenda kazini kilomita chache na gari linalala kwenye chaja. Hita inakutosha. Pesa uliyookoa iweke kwenye viti na usukani wenye joto, na ujizoeze kupasha gari kabla ya kuondoka.

Unasafiri masafa marefu kwa kasi. Pampu itakuongezea kidogo. Upashaji wa betri kabla ya kuchaji, na kasi ya kuchaji yenyewe, viwe juu yake kwenye orodha yako.

Kwako hakushuki chini ya nyuzi 15. Usilipe ziada. Upande wa kupooza, pampu haikuongezei kitu cha maana juu ya kiyoyozi cha kawaida. Ikija bila kulipiwa, sawa, ila kumbuka una viungo vingi zaidi vya kuangalia.

Fundi wa kuaminika wa mifumo ya gesi ya magari ya umeme yuko mbali nawe. Hilo pekee linaweza kukupeleka kwenye hita, hata kama hesabu za chaji zinasema vingine.

Unanunua gari lililotumika. Usiamini jina la modeli. Gari la mwaka mmoja na jina moja linaweza kuwa na pampu kwenye daraja la juu na kuikosa kwenye la chini, kama ilivyokuwa kwa Leaf za 2013, au ikawa ilichaguliwa na mwenye gari wa kwanza, kama kwenye BMW i3. Tumia namba ya chasi kupata orodha ya vifaa vilivyofungwa kiwandani. Kisha nenda kalione asubuhi yenye baridi, lisipashwe kabla. Weka nyuzi 22, feni ya kati, kiyoyozi kizimwe, na ufungue ukurasa wa matumizi ya umeme kwenye kioo cha dashibodi. Mwanzoni utaona kilowati nyingi kwa gari la aina yoyote. Subiri robo saa, milango imefungwa, kisha soma tena. Kama nje ni nyuzi 5 hivi, hewa inatoka ya moto na namba imetulia karibu na kilowati 1, pampu ipo na inafanya kazi. Namba ikigoma juu ya 2 wakati muuzaji anaapa kuwa pampu ipo, basi ama haipo, ama gesi imepungua na PTC ndiyo inayofanya kazi peke yake. Mwambie alipeleke likapimwe gesi kabla hamjaongea bei.